Nani Asomeshwe na Serikali? Maswali Manne ya Miaka Mia Moja

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, nchi inaingia kwenye msimu wa makaratasi. Vijana wanazunguka na bahasha za kaki. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe RITA, aliyefiwa na mzazi atafute cheti cha kifo, fomu ya mkopo ipelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa agonge mhuri, kisha ipite kwa hakimu au wakili. Baada ya hapo ni kusubiri. Majina yanatoka kwa awamu, na kwenye vijiwe na magrupu ya WhatsApp swali ni lile lile: fulani kapata asilimia mia, mimi nimekosa kabisa, hivi hawa watu wanapimaje?

Swali hilo lina umri mrefu kuliko Bodi ya Mikopo yenyewe. Ni mrefu hata kuliko uhuru. Kwa karibu miaka mia moja serikali zilizoitawala nchi hii, ya mkoloni na za kwetu, zimekuwa zikichagua vijana wachache wa kuwasomesha kwa fedha ya wote, na kila zama imekuja na swali lake la kumwuliza kijana. Kwanza iliulizwa: wewe ni mtoto wa nani? Ikafuata: una alama ngapi? Kisha: umeitumikiaje nchi, na wenzako wanakusemaje? Na mwisho, swali la leo: kwenu mna nini?

Kila swali lilikuja kusahihisha dhuluma ya swali lililotangulia, na kila moja likazaa dhuluma yake. Nataka tuyapitie moja moja, maana mjadala wetu wa sasa unaendeshwa kana kwamba hakuna kilichowahi kujaribiwa. Vimejaribiwa vingi. Na nikisema "ufadhili" humu ndani nina maana ya fedha yoyote ya serikali inayompeleka mbele kijana aliyemaliza sekondari, iwe ya bure au ya mkopo.

Mtoto wa nani?

Mwaka 1925 Waingereza walifungua shule ya serikali Tabora. Hawakuficha waliyemtaka. Utawala wao ulitegemea machifu, na machifu wa kesho walikuwa watoto wa machifu wa leo, kwa hiyo shule ikajengwa kwa ajili ya wana na warithi wao. Kigezo kilikuwa ukoo. Ukisema ni dhuluma utakuwa umesema kweli, ila ilikuwa dhuluma isiyojificha: mtoto wa mkulima wa kawaida hakuambiwa kwamba hana akili, aliambiwa tu kwamba nafasi si yake.

Baadaye mlango ulifunguliwa kwa wengine waliofaulu vizuri, lakini alama ya mwanzo haikufutika. Mtazame Julius Nyerere. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaenda Tabora 1937, Makerere 1943, na mwaka 1949 akasafiri kwenda Edinburgh kwa ufadhili. Hakuna anayebisha kwamba kijana yule alikuwa na kichwa. Lakini pia alikuwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Swali ambalo haliwezi kujibiwa kamwe ni hili: mwaka ule 1934, ni watoto wangapi wengine pale Butiama walikuwa na kichwa kama chake, wakabaki kuchunga mbuzi kwa sababu baba zao hawakuwa na kiti?

Pembeni ya ukoo kulikuwa na kigezo kingine ambacho hakikuandikwa popote: mahali. Wamisionari walijenga shule nyingi Kilimanjaro, Bukoba na Rungwe, na sehemu hizo hizo zilikuwa na kahawa, yaani wazazi walikuwa na fedha ya ada. Pwani, kusini na sehemu kubwa ya katikati ya nchi hawakuwa na bahati hiyo, na Waislamu wengi walisita kupeleka watoto kwenye shule ambazo mlango wake wa nyuma ulikuwa kanisa. Kwa hiyo bendera ilipopandishwa Desemba 1961, "mtoto wa nani" ilikuwa imeshageuka kuwa "mtoto wa wapi". Mwalimu aliwahi kusema kwamba Waingereza walituacha na wahandisi 2 na madaktari 12. Hao wachache nao walitoka pembe chache za nchi.

Alama ngapi?

Chuo Kikuu cha kwanza nchini kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Kilianza na kitivo kimoja, cha sheria, na wanafunzi wa kuhesabu kwa vidole. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Mwaka huo huo serikali ilifuta ada za sekondari, na kijana aliyechaguliwa chuo kikuu alisomeshwa bure: ada, chumba, chakula na fedha ya mfukoni. Kwa kurudisha, alifungwa na mkataba wa kuifanyia kazi serikali miaka mitano.

Kigezo sasa kilikuwa mtihani, na nyuma ya mtihani kulikuwa na Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, uliohesabu nchi inahitaji walimu wangapi, madaktari wangapi na wahandisi wangapi. Hebu tuupe mtihani heshima yake. Karatasi ya mtihani haijui baba yako ni nani. Msahihishaji anaona namba, haoni jina. Kwa taifa lililotoka kwenye shule za machifu, hayo yalikuwa mapinduzi kweli kweli.

Tatizo la kwanza lilijitokeza mapema. Mwaka 1964, akiwasilisha Mpango ule Bungeni, Mwalimu alitoa mfano ambao wengi wetu tumeusikia kwa wazee. Alimfananisha kijana anayesomeshwa na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali na kurudi na chakula kwa wenzake. Asiporudi, ni msaliti. Miaka miwili baadaye aliona kwamba mfano haukuingia. Serikali ilitaka wahitimu walitumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili: miezi mitano kambini, na miezi 18 kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kukataa. Bango moja lilisema ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza wanafunzi 393 warudi vijijini kwao, na siku ile ile akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe na wa wakubwa serikalini kwa asilimia 20. Wengi wao waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata.

Kisa hiki husimuliwa kama ugomvi wa siasa. Mimi nakiona pia kama somo la vigezo. Ukimchagua mtu kwa alama peke yake, unamfundisha bila kukusudia kwamba alichopata ni chake, kwa jasho lake. Amefaulu, basi anastahili. Mkulima wa pamba wa Shinyanga aliyelipa kodi hayumo kwenye hesabu hiyo. Kufaulu kunakuwa hati ya kudai, na deni linasahaulika.

Tatizo la pili lilikuwa zito zaidi. Mtihani haujui jina, lakini unajua shule. Aliyesoma kwenye shule yenye walimu na vitabu anaandika majibu bora kuliko aliyesoma chini ya mwembe, na mikoa yenye shule ilikuwa ile ile ya wamisionari na kahawa. Serikali ililiona hili. Mwaka 1969 ilipitisha sheria iliyoziweka shule za mashirika ya dini zilizokuwa zinapata ruzuku mikononi mwake, zipokee watoto wa dini zote. Katika miaka ya 1970 ikaanza kugawa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa, ili kila mkoa uwe na fungu lake. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, kwa hiyo mgao huo ulikuwa na maana kubwa: mtoto wa Kilimanjaro aliweza kuachwa akiwa na alama ambazo zingempeleka mbio mtoto wa Lindi au Kigoma.

Je, ilikuwa haki? Inategemea unasimama wapi. Kwa mzazi wa Machame aliyeona mwanawe kaachwa, ilikuwa adhabu kwa kosa la kujitahidi. Kwa mzazi wa Lindi, ilikuwa mara ya kwanza nchi kukiri kwamba mbio hazikuanzia mstari mmoja. Wazazi wa Kilimanjaro hawakukaa kulia. Walichanga, wakajenga shule zao wenyewe, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 sekondari zisizo za serikali zilikuwa nyingi kuliko za serikali nchini. Kwa hiyo mgao ulipunguza pengo kwa mkono mmoja, na wenye uwezo wa kuchanga wakalirudisha kwa mkono mwingine. Sisemi hili kuubeza mgao. Nasema kigezo cha kugawa nafasi chache hakiwezi kufanya kazi ya kujenga shule.

Wenzako wanakusemaje?

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikatoa azimio ambalo watu wengi wanalikumbuka kwa elimu ya msingi kwa wote. Lilikuwa na upande wa pili. Kuanzia hapo, kijana aliyemaliza kidato cha sita hakwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alikwenda kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi angalau miaka miwili, ndipo aombe, tena akiwa na maoni mazuri ya mwajiri na ya chama mahali pake pa kazi.

Leo ni rahisi kucheka. Tusicheke haraka. Lengo lilikuwa kujibu lile bango la mwaka 1966. Kama alama zinazaa vijana wanaojiona wateule, basi tuwapime kwa kitu kingine: utumishi, nidhamu, mwenendo mbele ya wafanyakazi wenzao. Mtu aliyefanya kazi kiwandani au kufundisha shule ya kijijini miaka miwili anaingia chuoni akijua nchi yake inafananaje. Mwanafunzi mwenye umri mkubwa kidogo, aliyeshaishi maisha, si jambo baya darasani.

Lakini angalia kigezo kilivyofanya kazi. Mtihani, pamoja na dhuluma zake zote, unasahihishwa na mtu asiyekujua. Barua inaandikwa na mtu anayekujua, tena ana mamlaka juu yako. Je, bosi asiyetaka kukupoteza ataandika nini? Na yule uliyewahi kumpinga kwenye kikao cha tawi? Na kijana wa kike ambaye mkuu wake wa kazi anamtaka? Hapo tabia haipimwi tena. Kinachopimwa ni uhusiano wako na mwandishi wa barua, na kijana aliyenyimwa hana hata pa kuuliza, kwa sababu barua ya siri haina rufaa.

Matokeo yalionekana haraka. Idadi ya wasichana waliokuwa wakiingia chuo kikuu ilishuka. Miaka ile mitatu ya kusubiri ndiyo miaka ambayo msichana anaposwa, anaolewa, anazaa, na kwa mwanamke aliyeolewa mlango wa chuo ulikuwa mbali. Haukupita muda mrefu serikali ikawaondolea wanawake sharti la kufanya kazi kwanza. Fani za sayansi na uhandisi nazo zilikosa watu, zikalegezewa. Katikati ya miaka ya 1980 sharti lote likaachwa. Kigezo kilichobuniwa kuwaleta wasomi karibu na wananchi kilikuwa kimewaweka wasichana mbali na usomi, bila mtu yeyote kukusudia. Vigezo vina tabia hiyo. Vinapitishwa kwa nia moja na vinakutana na maisha mengine kabisa.

Kwenu mna nini?

Kisha fedha ikaisha. Vita ya Kagera, bei ya mafuta, mazao kushuka bei, mashariti ya wakopeshaji: sababu zinajulikana. Kuanzia mwaka 1992 serikali ilitangaza uchangiaji wa gharama katika elimu ya juu, ukaingia kwa awamu, na fedha ya chakula na malazi ikageuka kuwa mkopo. Wanafunzi wanaiita bumu hadi leo. Wakati huo huo vyuo viliongezeka, vya umma na vya binafsi, na waliodahiliwa wakawa maelfu kwa maelfu.

Hapa kuna badiliko ambalo naona halisemwi vya kutosha. Zamani kuchaguliwa chuo ndiko kulikuwa kupata ufadhili, mlango ulikuwa mmoja. Sasa milango ni miwili. Unaweza kufaulu, ukapata barua ya udahili, na bado ukabaki nyumbani unauza vocha kwa sababu mlango wa pili umefungwa. Ndiyo maana maumivu ya leo ni makali kuliko ya miaka ya 1960. Kijana wa zamani aliyekosa aliambiwa hukufaulu. Wa leo anaambiwa umefaulu, ila.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianzishwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Mwanzoni iliangalia sana ufaulu, divisheni wani mbele. Kelele zikawa nyingi, na haki zilikuwa nazo: divisheni wani nyingi zilitoka kwenye shule za ada kubwa, kwa hiyo fedha ya kusaidia wasio nacho ilikuwa inawafuata wenye nacho. Muda si mrefu ukaja upimaji wa uwezo wa familia, ukiwapanga waombaji kwa madaraja kuanzia A mpaka F: wa A mkopo wote, wa B asilimia 80, na kushuka hivyo hivyo hadi F, sifuri.

Kwa nadharia hiki ndicho kigezo cha haki kuliko vyote vilivyotangulia. Asiye nacho apewe. Nani atakataa? Kazi ipo kwenye kupima. Katika nchi ambayo wengi hawana hati ya mshahara, kipato cha mzazi kinajulikanaje? Mama lishe anapata ngapi kwa mwezi? Mvuvi wa Kilwa je? Hajui mwenyewe, maana wiki hii bahari imekubali na wiki ijayo imekataa. Basi Bodi inatafuta alama za umaskini zinazoweza kuandikwa: uyatima, ulemavu wa mwombaji au mzazi, kaya kuwa kwenye mpango wa TASAF, nani alikulipia ada ya sekondari.

Tuchukue vijana wawili wa kubuni. Wa kwanza baba yake yuko hai, ila aliondoka mtoto akiwa na miaka miwili na hajaonekana tena. Mama anauza vitumbua Mbagala. Shangazi alijibana, akampeleka shule ya seminari, na shangazi huyo kastaafu. Wa pili amefiwa na wazazi wote, akalelewa na mjomba mkandarasi mwenye nyumba mbili, akasoma shule ya serikali. Kwenye fomu, wa kwanza ana wazazi wawili na alisoma shule ya kulipia. Wa pili ni yatima kamili wa shule ya umma. Nani atapata? Karatasi inaona cheti, haioni sufuria jikoni.

Na ili karatasi ione cheti, lazima cheti kiwepo. Wapo wazazi waliofia kijijini, wakazikwa siku hiyo hiyo, hakuna aliyefikiria ofisi ya wilaya. Miaka kumi baadaye mtoto wao anatakiwa athibitishe kwamba ni yatima. Anayezijua ofisi anapata cheti ndani ya wiki. Asiyezijua anapigwa danadana mpaka dirisha la maombi lifungwe. Kwa hiyo kipimo cha umaskini kinaweza kumwacha nje aliye maskini zaidi, yule ambaye hata umaskini wake haujaandikishwa popote.

Majirani zetu Kenya wamepita njia hiyo hiyo juzi tu. Mwaka 2023 walileta mfumo mpya wa kugawa ufadhili na mkopo kwa makundi matano kulingana na hali ya kaya. Malalamiko yakajaa kwamba watoto wa wachuuzi wamewekwa kundi la wenye uwezo, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikatamka kwamba mfumo huo unakiuka Katiba, kabla suala halijapelekwa Mahakama ya Rufaa. Nchi tofauti, kilio kimoja: mmenipimaje?

Kwetu, alama nazo zimerudi kwa mlango wao. Mwaka wa masomo 2022/23 ulianza ufadhili wa Samia, bajeti ya awali ikiwa shilingi bilioni 3, kwa wanafunzi waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita katika masomo ya sayansi. Si mkopo, ni bure, na sina ugomvi na taifa kuwatunza wanasayansi wake. Ila tuulize swali la miaka ya 1970: alama za juu za fizikia zinatoka wapi? Zinatoka penye mwalimu wa fizikia na maabara yenye vifaa. Sekondari za kata zilipoenea kuanzia mwaka 2004 zilifungua mlango kwa mamia ya maelfu ya watoto, lakini nyingi zilikaa miaka bila maabara, na mwalimu wa hesabu akawa wa kuazima. Tabora Boys bado ipo, sasa ikiwa miongoni mwa shule za serikali za vipaji maalumu pamoja na Ilboru, Kibaha na Mzumbe. Anayeingia huko leo anaingia kwa alama zake, hata akiwa mtoto wa kajamba nani. Hayo ni maendeleo makubwa kutoka 1925. Lakini shule za aina hiyo ni chache, na aliyekosa nafasi huko anashindanishwa na waliopata kwa kipimo kile kile.

Basi haki ni ipi?

Nikiyaweka maswali haya manne pamoja, naona mambo ambayo historia imetufundisha kwa gharama.

La kwanza, alama zisomwe pamoja na mahali zilipopatikana. Divisheni two ya mtoto aliyesoma fizikia bila mwalimu, kwa madaftari ya kaka yake, ina uzito kuliko divisheni wani iliyopatikana kwa tuisheni ya mwaka mzima. Si huruma hiyo, ni kupima vizuri: unatafuta nani ana uwezo wa kwenda mbali, na njia mojawapo ya kujua ni kuangalia ametoka umbali gani. Mlimani walishafanya jambo la namna hii katikati ya miaka ya 1990, walipowapunguzia wasichana kiwango cha kuingia, na chuo hakikuanguka. Tunaweza kutenga sehemu ya ufadhili wa ubora kwa wanaoongoza katika kila wilaya. Ila mgao wa miaka ya 1970 unatuonya: ufanyike hadharani, kwa namba zinazojulikana, na usiwe kisingizio cha kutopeleka walimu wa sayansi huko Nkasi na Tandahimba.

La pili, kigezo chochote kile, anayepimwa akione. Dhambi ya barua za Musoma ilikuwa siri. Bodi inachapisha mwongozo kila mwaka na ina dirisha la rufaa, nayo ni hatua. Lakini kujua kanuni si kujua jinsi ulivyopimwa wewe. Kijana aliyekosa aelezwe amekosa kwa lipi: uyatima haukuthibitika, shule aliyosoma ilimhesabia vibaya, au fedha iliisha tu. Hapo rufaa yake itakuwa na cha kusema. Bila hivyo anabaki na maelezo ya kijiweni, kwamba wamepeana kwa kujuana, na taasisi isiyojieleza haina pa kulalamika ikisemwa hivyo.

La tatu, sheria zisibadilike katikati ya safari. Mtoto anachagua tahasusi akiwa na miaka kumi na saba hivi. Akichagua HGL kisha miaka miwili baadaye akakuta kipaumbele ni sayansi, anaadhibiwa kwa kukosa utabiri. Serikali ina haki ya kupanga inahitaji wataalamu gani, kama ilivyopanga mwaka 1964. Iseme kabla ya kidato cha tano, si baada ya cha sita.

La nne ni lile deni la kijiji chenye njaa. Tumelibadilisha kutoka utumishi kwenda shilingi. Tangu marekebisho ya mwaka 2016 mnufaika aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara, na watu wamelalamika sana, kwa sababu za kueleweka. Mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa, na wengi walipumua. Lakini tusijidanganye: fedha inayorudi ndiyo inayomsomesha anayefuata. Mdaiwa sugu mwenye gari na kiwanja haikomoi serikali. Anakalia bumu la mtoto wa mama vitumbua. Haki ya kugawa na haki ya kurudisha ni kitu kimoja, na hatuwezi kuidai ya kwanza huku tukiikimbia ya pili.

Wapo watakaosema fedha haitoshi, na mradi haitoshi, kigezo chochote kitamuumiza mtu. Ni kweli. Ndiyo maana kigezo kinatakiwa kiwe kile ambacho hata aliyeumia anaweza kukisoma, akakielewa na akakipinga. Mtoto wa mkulima wa mwaka 1925 alijua kwa nini hakwenda Tabora. Itakuwa aibu kama, baada ya miaka mia moja, wa leo ataachwa bila hata kuambiwa sababu.